Nilimfundisha Sista Maneno ya Msibani

Kabla hamjanitukana, najitukana mwenyewe: mimi ni mjinga wa mwisho! Mtawa wa watu kaniuliza nini husemwa msibani badala ya kukaa kimya, nami nikamfundisha aseme "mkono wa Idi".

Naam, maneno yaleyale tunayosema tukiwagongea watu milango siku ya Idi tukidai vijisenti!

Nipo kidato cha tatu, naishi Jang'ombe, na skuli nzima inanijua kwa vichekesho. Sista katoka Brazili, katumwa na kanisa lake. Ni muuguzi, hupita nyumba kwa nyumba akifunga vidonda vya wagonjwa wa sukari. Mama yangu ni mmoja wao, mguu wa kushoto.

Mwanzo watu walimfungia milango. Ati kaja kutubatiza! Mimi ndiye niliyeeneza kuwa maji ya ubatizo yamo ndani ya ile chupa yake ya spiriti. Lakini miaka miwili sijamsikia akimtajia mtu dini. Akimkuta Mama anasali, husimama kizingitini akangoja, viatu mkononi.

Kiswahili chake nilikuwa nikimrekebisha mimi. Akiniita "mwalimu". Nnavyopenda sifa!

Basi akafa mume wa Bi Mwanajuma, jirani yetu. Sista alimuuguza hadi mwisho. Bi Mwanajuma mwenyewe akatuma mtu: mwambieni Sista naye aje. Jamani! Sista analia kwa ajili ya mgonjwa wake, huku uso unamng'aa.

"Mwalimu, wameniita! Kama jirani! Nisemeje nisiwavunjie heshima?"

Sahibu yangu Sele alikuwapo. Akanifinya. Badala ya kumwambia "mkono wa tanzia", nikamwambia: "Nyoosha mikono miwili, sema, mkono wa Idi." Akarudia mpaka akahifadhi. Sele kajificha nyuma ya mlango, anajigaragaza kwa kicheko.

Msibani tukajibanza mlangoni. Sista kapiga magoti mbele ya mfiwa, kamshika mikono.

"Mkono wa Idi, Bi Mwanajuma."

Kina mama wakatazamana! Naye Sista akadhani matamshi ndiyo mabaya. Akarudia kwa sauti, polepole, vilevile nilivyomfundisha.

"Kasemaje huyu?"

"Ati anataka Idi! Kaburi lenyewe bado bichi!"

Bi Mwanajuma akaivuta mikono yake. "Nimekuita mwenyewe, Sista. Waja kunicheka?"

Sista akageuka kunitafuta. "Mwalimu, nimesema nini?"

Wallahi nikainama, nikajifanya natafuta viatu vyangu.

"Nani kakufundisha?" wakamuuliza.

Sista akanitazama mimi. "Nimekosea mimi," akasema.

Pangeishia hapo. Lakini Sele, niliyeapa naye kuwa akishikwa mmoja hamtaji mwenziwe, akaninyooshea kidole mbele ya kina mama wote: "Ni huyu hapa! Mimi nilimkataza!"

Alinikataza! Yeye aliyenifinya! Nikamkodolea macho, siamini. Nilipogeuka, nikamwona Sista. Ananitazama mimi vilevile nnavyomtazama Sele.

Kesho yake Bi Mwanajuma alimwendea Sista kumtaka radhi. Mkuu wa masista, alipopata habari, naye akamwambia: ukipenda baki Jang'ombe, ukipenda nenda Chukwani. Akachagua Chukwani. Alikuja kumuaga Mama, akamwachia dawa na bendeji. Nikamfuata mpaka nje, nikamwomba msamaha.

"Walionifungia milango hawakuniumiza," akasema. "Hawakunijua. Wewe ulinijua."

Hakuniita mwalimu.

Nyie wenzangu mnaojiona mafundi wa mzaha, mtanieni anayeweza kuwajibu! Mtu anayewategemea hata kwa neno la kusema, mwacheni, jamani, mwacheni! Na sahibu anayecheka kuwashinda nyie wenyewe, mchungeni. Huyo ndiye shahidi wa kwanza dhidi yenu.

Mama hakunipiga, na bora angenipiga. Alikuwa kauweka mguu juu ya kigoda, bendeji ya jana ishaloa. Akaniambia hivi, neno kwa neno:

"Kanawe mikono, uje unifunge. Aliyekuwa akinifunga umemfukuza wewe."