Pilipili kwenye Ugali wa Mbwa

Mhariri ananisumbua niandike haya, kana kwamba sina migomba ya kupalilia. Kwenye duka la dawa za mifugo mjini Bukoba, jirani yangu alimlaza mbwa wake sakafuni, mbavu nje, anatapika damu. Akaomba chakula kisichoumiza tumbo.

“Mnampa nini?” muuzaji akauliza.

“Ugali tu.”

Mke wa jirani, aliyekuja naye, akashusha kanga kutoka mdomoni. “Na pilipili anamtilia, ili awe mkali.”

“Tata, mzee wangu, utamuua!” muuzaji akamaka. “ Mpikie wali laini na samaki aliyetolewa miba. Chumvi usitie.”

Unamchoma mlinzi wako tumbo, halafu unategemea akulinde?

Mbwa alipona, na ukali ameupata, ila ni kwa bwana wake peke yake. Sasa mzee haingii uani kwake mpaka mkewe atoke kumshika mbwa.