Filamu za Gofu Zilivyonifanya Nimwombee Jirani kwa Jina

Kosa ni langu, msimtafute mwingine! Kwa padri nimeshaungama, lakini moyo umekataa kutulia.

Mume wangu ni mkulima wa kahawa, tunaishi hapa Mbinga mjini. Akaanza tabia: kila Jumapili baada ya misa, huyo, kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu, cha mama mmoja mjane, nimwite Mama Zawadi. Jioni anarudi macho mekundu. Nikimuuliza, "Tulikuwa tunaangalia filamu ya gofu."

Gofu! Mbinga hii ya milima, huo mpira si ungebiringika mpaka ziwani? Mume wangu hajawahi kuuona hata uwanja wake. Filamu ya ngumi ningeelewa. Lakini mwanaume mzima alie kwa sababu ya kampira kanakoingia shimoni? Nikajua nafanywa mjinga.

Siku moja nikamsikia kwenye simu, sauti ya chini: "Mama Zawadi, ile mpya usimwonyeshe mtu mpaka nije." Jamani!

Sikumuuliza. Nilisubiri siku ya sala ya jumuiya yetu ya kanisa. Tulipofika kwenye maombi nikapaza sauti: "Ee Bwana, mguse Mama Zawadi aiache ndoa yangu." Wenzangu, kwa mazoea, wakaitikia, "Twakuomba utusikie." Na Mama Zawadi tumekaa naye mkeka mmoja!

Tulipotawanyika akanishika mkono. "Twende, dada."

Akafungua kibanda, akaweka filamu iliyotafsiriwa Kiswahili. Mwanzoni nilitazama mlango kuliko skrini, nikidhani ananipoza. Kumbe! Mchezaji amezeeka, pigo limebaki moja. Hakuna wa kumkaba, hakuna refa wa kulaumu. Mpira umetulia unamsubiri, anayemsumbua ni moyo wake mwenyewe. Nikajikuta nimesimama, machozi yananitoka, napiga kelele, "Ingia! Ingia jamani!"

Mama Zawadi akazima. "Ndiyo hiyo shemeji aliyotaka asubiriwe. Sasa na wewe tukuombee kwa jina?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Maneno yalikuwa yameshafika sokoni. Wake wakawakataza waume zao, kibanda kikakosa watu, Mama Zawadi akafunga na kurudi kwao Kihagara. Simu yangu hapokei.

Mume wangu hakunipiga wala kunitukana, na afadhali angefoka! Siku hizi akitoka ananieleza anakokwenda, na nani, atarudi lini, kama mtuhumiwa anayeripoti polisi. Nilimtafutia filamu ya gofu nikamwekea mwenyewe. Akanyanyuka. "Angalia wewe, mama."

Na aibu zaidi, shaka ninayo bado. Akicheka na simu, sikio langu linasimama!

Wanawake wenzangu, shaka ikikubana, muulize mumeo. Mfuate, kaa, uangalie anachoangalia. Usimpeleke mtu mbele za Mungu na mbele za majirani kwa jambo usilolijua, maana watu wakishaitikia amina, huwezi kuzunguka nyumba kwa nyumba ukiwaomba wairudishe. Mimi nimejaribu.