Katibu Aliyeondoka na Muhuri Wetu

Habari za kifo chake zilinikuta Jumanne asubuhi kwenye foleni ya duka la dawa, Stechford, huku kwetu Uingereza, kupitia lile kundi letu la kanisa kwenye simu. Nilipofika kaunta, vijipicha vya mishumaa vilikuwa vimejaa humo kundini mpaka nikaihurumia betri. Tumempoteza mama yetu. Alikuwa nguzo. Pengo lake halizibiki. Nilisoma zote, moja moja, kwa sababu walioziandika nawajua kwa sura na kwa tabia, na wengi wao miaka mitatu hii walikuwa wakimwona anakuja upande huu wa barabara wanahamia upande ule. Mwenyekiti wetu wa wazee wa kanisa, ambaye aliwahi kutuambia kikaoni kwamba mwanamke huyu ni hatari kwa umoja wetu, aliandika aya nzima ya majonzi. Aliimalizia kwa kuomba kwamba yeyote anayejua ulipo muhuri wa kanisa amjulishe.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua huwa siyagusi mambo ya kanisa langu, maana nina mke na napenda kula kwa amani. Leo nitakula baridi. Marehemu alikuwa katibu wetu kwa miaka mingi. Mkenya, kazi yake kutunza wazee kwenye makao ya wazee, mdomo wake mkali na mikono yake laini. Akitoka kazini alikuja kwenye ule ukumbi tunaoukodi Tyseley, katikati ya magereji, anavaa miwani na kuanza kuchapa barua zetu. Na barua hazikuisha. Mtu akihamia mji mwingine anataka barua ya kanisa, akitafuta nyumba, barua, akiposa, barua. Sisi tunaokutana pale kwa Kiswahili, uwe umetoka Bungoma, Tabora au Bukavu, tunaweza kubishana juu ya ubatizo hadi chai ipoe, ila tunakubaliana kwamba karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Waingereza wanaopokea barua hizo hawautazami hata kidogo. Sisi tunaugonga vilevile, na wino ukififia tunagonga mara ya pili. Mimi nilikuwa mtunzi wa barua, kwa kuwa naandika gazetini, na yeye alichapa na kugonga.

Basi tulikuwa na ndugu mmoja, tena tunaye bado, anakaa safu ya nyuma. Miaka mingi iliyopita alihukumiwa, katika mji huu huu, kwa uovu aliomtendea mtoto wa darasa letu la Jumapili. Alifungwa, akatoka, na jina lake likaandikwa kwenye rejista ya polisi ya wahalifu wa makosa ya ngono. Kila mwaka anakwenda kuripoti. Akihama anaripoti, akitaka kwenda ng'ambo anaripoti. Rejista yenyewe haibandikwi ukutani. Polisi wanaijua, na sisi tulijua kwa sababu tulikuwepo. Zamani watu wa namna yake waliandikwa maisha, bila mlango wowote wa kuomba watazamwe upya, mpaka baadhi wakaenda mahakamani na mahakama ikasema mlango lazima uwepo. Sasa ikipita miaka kumi na mitano mtu anaweza kuwaomba polisi wapime kama bado ni hatari. Miaka ya ndugu yetu ilitimia. Akatafuta wakili, na wakili akataka barua kutoka kwa watu wanaomfahamu.

Kikao cha kuamua tuandike nini kilichukua dakika ishirini. Mwezi mmoja kabla tulikuwa tumetumia saa tatu kuamua rangi ya mapazia. Nikapewa kazi, na sitasema uongo, niliifurahia. Nilitunga kurasa mbili. Nilisema tangu tumfahamu ndugu huyu mwenendo wake hauna doa, na kwamba ni mlezi wa kiroho kwa wakubwa na wadogo. Wadogo, nimeandika mimi, kwa mkono wangu. Kifungo chake nilikiita changamoto alizozipitia, neno ambalo limetuokoa sana sisi waandishi tusiotaka kusema kitu. Mtoto hakuwemo kabisa. Ukiisoma barua ile unaweza kudhani ndugu yetu aliwahi kuugua kifua kikuu akapona.

Katibu aliisoma yote, akavua miwani. "Mwandishi," akaniambia, hakuwahi kuniita jina jingine, "mmemuuliza?" Nikasema, nani? "Msichana. Amekua, anakaa Balsall Heath. Ni basi moja tu kutoka hapa." Nikaanza kumweleza habari za rehema, kwa ile sauti yangu ya kusomea risala. Akanikata. "Yeye kuomba ni haki yake, sheria imempa na mimi siwezi kumzuia. Lakini huu uongo si wake, ni wenu. Na muhuri hamtapata." Akauchukua pamoja na kile kibati cha wino, akavitia kwenye mkoba, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja na kwenda zake.

Kazi za kanisa zikasimama. Mwenyekiti alipendekeza tuchongeshe muhuri mwingine, kisha akafungua katiba yetu, aliyoiandika yeye mwenyewe, akakuta kwamba muhuri mpya hautengenezwi bila azimio lililogongwa muhuri wa zamani. Ikabidi twende kwake tukambembeleze: mwenyekiti, shemasi wetu Mkongomani, na mimi. Alitukaribisha vizuri, chai ya maziwa na mandazi ya moto. Shemasi ndiye aliyeanza, kwa upole wake. "Mama, tunaomba tu cachet, ule muhuri. Ule baba alishateseka mingi."

"Na mtoto aliteseka ngapi?" akauliza.

Mwenyekiti akasema hayo yaliisha kortini. "Kama yaliisha kortini," akasema, "mnayaandika upya ya nini?" Mwenyekiti akatafuna andazi muda mrefu kuliko andazi lilivyohitaji, halafu akamwambia anaharibu jina la kanisa. Hapo ndipo mama wa watu alipoweka kikombe chini. "Jina la kanisa liliharibika siku mama yake huyo mtoto alipokuja kwenu kwanza, kabla ya polisi, mkamwambia aende akaombe." Mimi nilikuwemo kwenye kikao hicho cha zamani. Nilikifungua kwa sala. Nimeona haya kulisema kwa miaka yote hii, na leo nimelisema.

Akatoa kabatini barua yake, nusu ukurasa. Ilisema: tunamfahamu, alimtendea uovu mtoto wa kanisa letu na akahukumiwa kwa haki, mama wa mtoto alikuja kwetu na hatukumsikiliza, tangu atoke gerezani hatujamruhusu karibu na watoto, naye hajalalamika, yaliyo moyoni mwake hatuyajui. "Hii naigonga hata sasa hivi," akasema. Tukamshukuru kwa mandazi. Kesho yake tulipeleka yangu, bila muhuri, na wakili akairudisha wiki hiyo hiyo. Alisema barua isiyotaja kosa itamwangusha mteja wake, maana itaonyesha anazungukwa na watu wanaokana. Ndugu yetu mwenyewe ndiye aliyekwenda Stechford, nyumbani kwa katibu, kuomba ile nusu ukurasa. Aliisoma amesimama mlangoni, akasema ni kweli, ikagongwa. Polisi walimjibu nini sijui. Katibu tulimpumzisha ukatibu kwa barua nzuri ya shukrani, iliyotungwa na mnayemjua, na muhuri akabaki nao.

Alipofariki nikapewa tena kalamu, niandike wasifu wa kusomwa kwenye mazishi. Nikaandika kwamba alikuwa mpole, mnyenyekevu, asiyewahi kukwaruzana na mtu. Binti yake, aliyezaliwa hapa, anayesikia Kiswahili chote na kukujibu kwa Kiingereza, aliusoma mpaka mwisho akaniuliza huyu ni nani. Tukauandika upya pamoja, na ukawa mfupi.

Baada ya mazishi, ukumbini, mwanamke mmoja alinijia na sahani mkononi. Akauliza kama mimi ndiye mwandishi. Nikanyoosha mgongo, nikidhani nimepata msomaji. "Ile barua yako ya kurasa mbili," akasema, "katibu aliniletea Balsall Heath niisome. Alisema lazima nijue mlichoandika." Nikajua ni nani. Akanitazama kidogo. "Unaandika vizuri sana," akasema, akaenda kuchukua chai.

Nimesifiwa mara nyingi maishani na sijawahi kuumia vile. Tangu siku hiyo, kabla sijamsifu mtu kwenye karatasi, najiuliza ni nani hatujamuuliza, na nakwenda kumuuliza, hata kama ni mabasi mawili. Na wewe mwenyekiti, acha kusumbua kundi. Binti wa marehemu ameniambia muhuri uliko: mama yake alimwachia yule yule wa Balsall Heath, pamoja na kibati cha wino. Ukiutaka, nenda kamuombe mwenyewe. Barua ya kwenda nayo sitakutungia.