Picha ya Saa Mbili Asubuhi

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la tatu, nikatoka, nikashika sindano. Kila kitu nilicho nacho nimekishona: nyumba, karo za watoto, hata kofia iliyo kichwani mwangu. Nayasema haya ili mnaosoma mjue kwamba mimi si mtu wa kutishwa hovyo. Lakini kuna siku moja, hapa Bujumbura, niliogopa kamera ndogo kuliko kiganja changu.

Mtaa wetu ni ule wa maduka ya zamani, yenye nguzo na vibaraza, si mbali na soko kubwa lililoungua. Wengi wetu tunalala nyuma ya maduka yetu. Mi ndiye mkuu wa nyumba kumi. Kila Jumamosi asubuhi, kama mji mzima, tunafanya kazi za jamii: maduka yanafungwa, magari na baiskeli hazitembei, kila mtu anatoka na jembe au ufagio mpaka saa nne ipite. Daftari la majina linakaa kwangu. Naandika polepole, herufi kubwa kama za mtoto, lakini naandika.

Ng'ambo ya duka langu kuna mama mjane anayeuza chai na mandazi. Alikosa Jumamosi mbili. Basi Jumatatu nikamwita mbele ya wateja wake.

"Baba, mi magoti inaniuma," akasema.

"Magoti yako inauma Jumamosi tu? Leo ya kuuza mandazi, haiumi?"

Watu wakacheka. Nikampa mfereji wa mbele ya kibaraza chake auzibue peke yake, mchana, jua kali, watu wanapita wanamwangalia. Aliinama na jembe mpaka adhuhuri. Nami nikarudi kwenye cherehani yangu nikijiona mwanaume wa maana.

Jumamosi ya wiki ile ile nilikuwa na suti ya bwana arusi mmoja wa mtaa wa Kinanira. Kitambaa kilichelewa kufika, na yeye anaoa saa nane. Tangu nianze kazi sijawahi kumwambia mteja arudi kesho. Asubuhi nikasoma majina, nikagawa mifereji, kisha nikasema naenda kukagua upande wa chini. Sikwenda. Nilizunguka uchochoroni, nikaingia kwangu kwa mlango wa nyuma, nikaanza kushona.

Sasa, mtaani alikuwepo mgeni, mama wa Kizungu wa makamo, amepanga chumba kwenye nyumba ya wageni. Alikaa Bukavu zamani, kwa hiyo Kiswahili chetu alikielewa. Wiki nzima alikuwa anapiga picha za barabarani: kinyozi, wauza nyanya, vijana wa baiskeli na mikungu ya ndizi. Jumamosi ile alisikia cherehani ikilia ndani ya duka lililofungwa, akazunguka, akabisha mlango wa nyuma.

"Mzee, naomba picha yako ukishona."

Ningekataa. Lakini maisha yangu yote nimepigwa picha ya kitambulisho tu, ile inayokufanya ufanane na mwizi. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba. Nikavaa kofia yangu, nikakaa wima. Akasema mwanga hautoshi. Mi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikainuka nikafungua ubao mmoja wa mlango wa mbele ili jua liingie. Akapiga. Nikafunga. Bwana arusi alipata suti yake, nami nikasahau.

Jumanne iliyofuata niko kibarazani, natia pindo suruali. Ng'ambo, mgeni amekaa kwenye benchi la mama wa mandazi, anakunywa chai, anamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Watu watatu wanne wamemzunguka.

"Ee, muone kinyozi! Tumbo imemutangulia!"

"Na we, meno yako yote inje!"

"Hiyi ni ya leo," mgeni akasema. "Hizi za jana."

Alikuwa anarudi nyuma, siku kwa siku. Ndipo nikakumbuka ubao wa mlango. Kwenye picha ile mlango ulikuwa nyuma ya bega langu, na nyuma ya mlango kuna barabara. Mgeni aliona mwanga mzuri. Mtu wa Bujumbura ataona kitu kingine: barabara tupu mchana kweupe, milango yote imefungwa, watu wameinama na majembe. Nikatafuta uongo. Siku hizi magari yanaweza kukosekana kwa sababu ya uhaba wa mafuta, sawa, lakini baiskeli je? Na maduka je? Hakuna siku nyingine ya namna ile ila Jumamosi asubuhi. Na mimi katikati, na kofia, nashona.

"Hizi za Jumapili," nikamsikia. "Watu wanatoka kanisani."

Sindano ikaniingia kidoleni. Kwenye kona alikuwa amesimama polisi. Sote tunajua polisi wa mjini hawapendi kamera. Neno moja tu, na kamera itaondoka na picha zake zote, na mama wa mandazi hataona kitu. Nikainua mkono, nikamwita. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sikulazimishwa na mtu.

Akaja. "Kuna shida, muzee?"

Nikaelekeza kidole ng'ambo, kidole chenyewe kinatoka damu. "Yule anapiga picha watu."

Akavuka, nami nyuma yake. Akanyoosha mkono, akaichukua kamera kutoka kwa mgeni.

"Karatasi ya ruhusa iko wapi, mama?"

"Niliomba kila mutu," mgeni akasema. "Kila mutu alikubali."

"Mi naomba karatasi. Kama apana, tunaenda kituoni."

Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Hata kinyozi, na tumbo lake, akaingia kwake. Mama wa mandazi peke yake hakusogea. Alikuwa na kijiko cha kukaangia mkononi, mafuta yanachuruzika chini, ananiangalia. Aliniona nilipoinua mkono.

Mgeni akanigeukia. "Muzee, mwambie. Wewe unanijua. Nilikuomba ao sikukuomba?"

Polisi akaniangalia. "Unamujua?"

Ningesema simjui. Neno dogo. Angepelekwa kituoni, picha zingefutwa, na Jumamosi ningesoma majina kama kawaida. Mdomo ulishafunguka kulisema. Lakini mama wa mandazi bado ananiangalia, na mafuta yanadondoka kwenye mfereji aliouzibua yeye.

"Namujua," nikasema. "Alinipiga picha. Aliomba, nikakubali."

"Alikupiga wapi?"

"Dukani kwangu. Nikishona."

"Lini?"

"Jumamosi."

Polisi akaanza kulegeza uso, kisha akasita. "Jumamosi saa ngapi?"

Nilisikia mandazi yakiungua kwenye karai.

"Saa mbili asubuhi," nikasema.

Polisi akacheka puani, si kicheko cha furaha. Akabonyeza, akabonyeza, akaiona picha. Akaitazama sana. Halafu akamrudishia mgeni kamera yake. "Mama, ukipiga tena, tafuta karatasi." Nami akaniambia, "Muzee, kofia imekupendeza," akarudi kwenye kona yake. Heri angenitukana.

Mama wa mandazi akafuta mkono kwenye kitenge, akaomba kuiona. Mgeni, maskini, alidhani mambo yameisha vizuri, akamwonyesha huku anatabasamu. Mama akaisogeza karibu na macho. Hakuangalia uso wangu. Aliangalia barabara.

Sikungoja aseme. Nilivuka, nikachukua daftari, nikatafuta ukurasa wa Jumamosi, nikaandika jina langu chini ya wasiokuwepo. Lilinichukua muda. Kisha nikachukua jembe nyuma ya nyumba, nikarudi ng'ambo, nikavua kofia, nikaingia kwenye mfereji pale ulipoziba tena kwa mvua ya usiku. Ilikuwa saa sita, jua kali, wateja wamejaa benchini. Mtu mzima, mkuu wa nyumba kumi, tope mpaka kwenye vifundo. Kinyozi akatoka tena kuniangalia. Nikachimba.

Baada ya muda nikaona miguu ya yule mama ukingoni, nikasikia harufu ya mandazi.

"Baba," akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Magoti yako inauma Jumamosi tu?"

Watu wakacheka, zaidi ya siku ile yake. Mgongo ulikataa kunyooka. Nikashika mpini wa jembe, nikainuka kidogo kidogo mpaka nikamwona usoni.

"Inauma," nikamwambia. "Leo ni Jumanne, na inauma."