Kikwembe cha Ndege wa Manjano

Mtoto wangu alikuwa muganga. Hapa Kolwezi kila anayevaa bluzi nyeupe tunamwita muganga, hata kama daktari ni mwingine. Yeye alikuwa anazalisha kwenye materniti ya njia ya Mutoshi, kule wanakozalia wake za wachimbaji. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa primeri, nikauza samaki wa chumvi sokoni Dilala, na samaki hao ndio waliomsomesha. Siku aliyopata diploma nilimshika mkono tukarudi nyumbani kwa miguu. Vijana wa moto, hizi pikipiki za abiria, walituita tupande, nikawakataa wote, ili watu watuone vizuri.

Mume wake alikufa mapema, akamwachia watoto watatu. Hakulia sana mbele yao. Alienda kazini, akarudi, akanawa miguu kwenye robine ya nje kwa sababu ya lile vumbi letu jekundu, kisha watoto wakamrukia. Mikono yake ilinuka javeli ya kusafishia vyumba hata siku ya Mungu. Mara nyingi alisinzia akiwa anakula, tonge la bukari mkononi. Yule mdogo alilichukua tonge polepole, akalila yeye, na mama yake akiamka anauliza, "Nimeshashiba?" Wote wanasema ndiyo.

Kila Noeli nilimnunulia kikwembe, kitenge cha kujifunga. Si vile vyepesi vinavyochuja rangi maji ya kwanza. Vizuri. Kwetu heshima ya mwanamke iko ndani ya sanduku lake, na siku akifa mashangazi zake wanalifungua mbele ya watu na kugawana vikwembe. Sanduku likijaa, watu wanasema huyu alikuwa na mama. Lakini wangu nilikuwa namwona na vile vile viwili vilivyopauka. Nikimuuliza, anacheka, anasema vingine anavitunza.

Halafu wamama wa shirika letu la kanisa wakachagua kikwembe kimoja cha sikukuu, cha bluu, chenye ndege wa manjano. Nilimnunulia kipande kizima. Nikamwambia atafute fundi mapema. Siku ya sikukuu wamama wote walisimama mstari mmoja, ndege watupu, na mtoto wangu akaingia na kile chake cha zamani.

Nilimvuta nje, nyuma ya kanisa.

"Kikwembe kiko wapi?"

"Mama, nilikipatia mutu."

"Mutu gani?"

Aliangalia viatu vyake. Nilifikiri amekiuza. Nilifikiri pia kuna mwanaume, na mwanaume huyo ana mwanamke mwingine wa kuvalisha. Yote hayo nilimwambia pale pale, na sauti yangu si ndogo. Mwisho nikamwambia amenivua nguo mbele ya watu, na asiniombe kitu tena. Aliniinamia kama mtoto anavyomwinamia mama, akarudi ndani kuimba.

Sikukanyaga kwake tena. Alituma watoto waje na sombe, na unga. Chakula nilipokea, salamu sikurudisha. Nilikuwa nasubiri aje mwenyewe aniombe msamaha. Yeye naye labda alikuwa anasubiri kazi ipungue, na kazi ya kule haipungui.

Akaanguka asubuhi moja akivaa viatu. Tansio, walisema. Presha ya damu. Nilifika amekwisha kufunikwa. Nikakaa chini nikashika miguu yake. Haikuwa na vumbi.

Siku ya tatu ya kilio, wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, alifungua sanduku. Alikuwa amesafiri kutoka kaskazini na wadogo zake kwa kazi hiyo. Akatoa bluzi mbili nyeupe, Biblia, sapato za kuvaa kanisani. Akatoa kile cha ndege wa manjano, nusu tu. Kimechanwa katikati, na upande mmoja umeanza kushonwa pindo, sindano ikiwa bado imechomwa. Halafu akageuza sanduku juu chini. Hakuna kingine.

"Mama," wifi akasema, polepole, ili watu wote wa pale wasikie, "bikwembe bya mutoto wetu biko wapi? Ao ulibikula na samaki?"

Wengine walicheka, kama watu wanavyocheka kwenye kilio, mdomo umefunikwa. Nikaona haya mpaka kwenye mifupa. Kama sikuvila mimi, basi mtoto wangu alivitupa, alimdharau mama yake kila Noeli, mwaka juu ya mwaka. Sikujua lipi ni baya zaidi.

Nikainua kichwa, na pale mlangoni, kati ya wanawake waliokuja kulia, nikaona ndege wangu. Nusu ile nyingine. Mwanamke kijana, sikumjua, amekibebea mtoto mgongoni.

Niliinuka, nikakishika. Nilikivuta kwa nguvu, mtoto akalia, nikasema huyu ndiye mwizi wa marehemu. Watu wakasimama. Yule mwanamke hakupigana. Alishika mtoto kwa nyuma asianguke, akasema kwa Kiswahili cha watu wa Kasai:

"Mama, nilifika ku materniti na nguo moja tu, ile ya mwili. Bwana yangu iko anachimba Mutoshi, hatukuwa na kitu. Baganga bengine banasema nirudi nitafute bikwembe bya kupokea mutoto. Mwanao akafunga mulango. Akatoa hii ndani ya saki yake ya mukono, akasema ilikuwa inaenda kwa fundi, akaipasula. Akaniambia: hii inatosha sisi wawili."

Alitaka kufungua aturudishie. Na mwanamke mwingine nyuma yake akasema yeye pia alipewa, cha maua mekundu. Na mwingine, cha kijani, chenye duara. Nilivijua vyote. Nilivichagua mimi, Noeli baada ya Noeli.

Wakati ule nikamkumbuka mama yangu mimi, aliyekuwa anapokea watoto kijijini. Alinifundisha, na mimi nilimfundisha mtoto wangu akiwa bado mdogo: kikwembe kilichopokea mtoto hakirudi kwa mwenyewe, na aliyekitoa hasemi, ili mzazi asitembee na haya. Nilimfundisha kwa mdomo wangu huu. Halafu nikamsimamisha nyuma ya kanisa nikimuuliza mtu gani.

Nilimgeuza yule mwanamke, nikamfunga upya mtoto wake mgongoni, nikakaza fundo. Lilifunguka, nikarudia mara mbili. Wifi yangu aliikunja ile nusu na sindano yake, akaniwekea kwenye mapaja.

Watoto watatu wako kwangu sasa. Mkubwa ni msichana, anasema naye atavaa bluzi nyeupe, na sitamkatalia. Anajua kushona kuliko mimi. Ameniomba mara nyingi amalize lile pindo la mama yake, limefika nusu tu. Namwambia aache.

Nakivaa hivyo hivyo kanisani. Upande mmoja pindo limenyooka, mishono midogo, ya mtu anayejua kushona ngozi ya watu. Upande mwingine nyuzi zinaning'inia na kuzoa vumbi. Alikuwa anakishona kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili yangu? Alitaka kuja kusimama kwenye mstari sikukuu nyingine na nusu yake, ili mama yake anyamaze.

Wamama wa shirika wananiambia mama, nyuzi zako zinaanguka. Nasikia. Naziacha zianguke.