Kinyozi Aliyenyoosha Mstari Wodini

Kinyozi huyu walimwita Mstari, na alivimba kichwa kwa jina hilo. Mteja aliyenyolewa kwingine akiingia, Mstari alimgeuza huku na huku, kisha akauliza, "Nani kakufyeka hivi?" Mdogo wake, mwenye kiti cha pili dukani humohumo, Mstari alimwita Mfyekaji mbele ya wateja, mwaka nenda mwaka rudi.

Kifua kilipoanza kumbana, daktari wa moyo alipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wa kulia mpaka moyoni, akazibua palipoziba. Nesi akamfunga pale ukanda wenye hewa wa kugandamiza tundu.

"Baba, usiuguse. Nitaulegeza mwenyewe, kidogo kidogo."

Mstari hakusikia. Alikuwa anakodolea macho vinyweleo. Nesi alimnyoa hapo kabla ya kazi, na ukingo ulikwenda upogo hadi chini ya ukanda. Watu waje kumjulia hali, wakute mkono wa Mstari umenyolewa hivyo? Nesi alipotoka, pumbavu lile likabandua ukanda, likatoa wembe mfukoni na kuanza kunyoosha mstari kwa mkono wa kushoto.

Damu ilitoka nje, na nyingine ikajaa ndani. Mkono ukavimba hadi kiwiko, ukakakamaa, vidole vikapoa. Ilibidi wapasuaji wauchane ili damu ipate njia. Mkono ulipona, lakini dole gumba na kidole cha pili vilibaki na ganzi.

"Watu wamekuokolea moyo," mkewe alimwambia, "wewe ukaenda kugombana na vinyweleo." Hakumwonea huruma hata chembe, na mimi simlaumu.

Alirudi dukani akijitia mzima. Mteja wa kwanza akachanjwa sikio. Wa pili aliona wembe ukimponyoka, akanyanyuka kimya akahamia kiti cha pili. Tangu hapo Mstari anafagia nywele.

Ndevu zake zilipozidi, hakuwa na ujanja. Akakaa kwenye kiti cha mdogo wake. Duka zima likatega sikio. Mdogo mtu alinyoa, akamshikia kioo. Upande wa kushoto ulikuwa juu kidogo. Mstari aliuona mara moja.

"Imekaa vizuri," alisema.

"Haijakaa vizuri, kaka," mdogo wake akajibu, akimwinamisha kichwa. "Tulia nimalize."

Mstari akatulia.