Saumu Yangu ya Matango

Daktari aliniambia nipunguze wali wa nazi. Nikajisomea mambo ya lishe, kisha nikajiwekea mpango: Jumatatu na Alhamisi sitakwenda na wenzangu kwa mama lishe, nitabaki ofisini na bakuli langu la matango na dengu.

Jumatatu ya kwanza, hapa ofisini kwetu Kilindoni, waliponiita kula niliona haya kutaja matango. Nikasema tu, "Nendeni, leo mimi sili."

"Mashaallah!" akasema Bi Mwanaidi, mkuu wetu. "Mwenzetu amefunga sunna, sisi tunawaza pweza!"

Nilipaswa kumsahihisha palepale. Badala yake niliinamisha macho kama walii. Tangu hapo nikawa najifungia stoo na kutafuna tango polepole, lisisikike nje. Heshima ilinipanda ajabu, mpaka wakaanza kuniomba dua.

Alhamisi iliyopita nilisahau kufunga komeo. Nikiwa katikati ya tango, mlango ukafunguka, ofisi nzima ikaingia na hotpoti la tambi na kaimati. Walikuwa wameninunulia futari, wakaja kuificha stoo ili jioni wanishtukize.

Kisha Salma, mdogo wetu kuliko wote, akasema kwa adabu, "Shikamoo, sheikh."

Shikamoo haiachwi bila jibu. Nikaitikia marahaba, na kipande cha tango kikaruka kikatua juu ya hotpoti.

Bi Mwanaidi akakitazama, akanitazama.

"Sheikh," akauliza, "huko kwako magharibi imeshaingia?"